Miles Morales kwa PS: Ni gemu ya mtoi wa 13 ama wa 16? Cheki hizi vitu tatu kabla umpe padi

Kama wewe ndiye hutumwa kuseti TV, kurudisha Wi-Fi na kueleza mathe kwa nini simu imejaa, jua hii swali iko njiani inakuja. Kwangu ilifika Jumapili moja usiku. Siz yangu alinipigia kutoka Kitengela, na hata hakunisalimia.

"Bro, hii Spider-Man ni gemu ya aina gani? Si inafunza watoi kupigana? Nimeamua hatakanyaga huko tena."

Mtoi tunayemwongelea ako na miaka 14, Grade 8. Soo tatu za lunch ya wiki zilikuwa zimeyeyuka kufikia Jumatano. Halafu siz alikuwa amepitia kwa base ya PS karibu na stage, akacheki kwa skrini kubwa msee wa nguo nyeusi na nyekundu akirusha watu ukutani, na kijana wake amesimama pale macho imekauka kwa TV. Akajumlisha mambo mawili, akapata jibu: Spider-Man ndiye mwizi.

Nilimwambia atulie hadi Jumamosi nifike. Zile soo tatu nilijua zilienda wapi, na nitakuambia. Lakini wacha kwanza tuiweke gemu yenyewe kwa kiti, juu wazazi wengi wanaihukumu kabla waicheze hata dakika tano.

Gemu yenyewe ni gani?

Hiyo siz aliona inaitwa Marvel's Spider-Man: Miles Morales. Ilitengenezwa na Insomniac Games na ilitoka Novemba 2020 kwa PS4 na PS5, halafu 2022 ikafika kwa kompyuta. Ndiyo ya katikati kati ya tatu: ya kwanza ilikuwa ya Peter Parker mwaka wa 2018, na Spider-Man 2 ilitoka Oktoba 2023 kwa PS5. Kwa base nyingi utapata hizi mbili za kwanza, juu PS4 bado ndiyo inabeba mtaa.

Miles si Peter. Ni kijana mweusi wa New York, mamake ana asili ya Puerto Rico, na huyu mhusika alianza kwa vitabu vya katuni mwaka wa 2011. Kwa gemu babake, aliyekuwa polisi, ameshauawa. Amehamia Harlem na mathe wake, Rio, ambaye anagombea kiti cha udiwani. Peter anasafiri wiki kadhaa, anamwachia kijana mji wote. Sasa Miles anajifunza kazi akiwa kazini, kama tu vile wengi wetu tunajifunza.

Kwa upande wa ubora, hii gemu iko juu. Kuruka na utando kati ya magorofa, theluji ikianguka, ni kitu ambacho hata msee asiyependa gemu atasimama kukicheki. Padi inajibu haraka. Mapigano yana mdundo: unapiga, unakwepa, unamwaga umeme kutoka kwa mkono, unapotea usionekane. Mtoi wa kwanza kushika padi anaweza kuweka kiwango rahisi na bado afike mwisho.

Ubaya wake? Ni fupi. Story kuu msee mwenye bidii anaimaliza ndani ya wikendi moja. Mji ni ule ule wa 2018, umewekewa tu theluji. Na zile kazi ndogo za barabarani, wezi hapa, wezi pale, zinaanza kurudiana. Ukinunua kwa bei ya gemu mpya utahisi umekatwa. Ukiipata mkono wa pili ama ukikodisha, hesabu inakubali.

Story ndiyo inaibeba. Kuna kampuni ya nishati inaitwa Roxxon, imekuja Harlem na ahadi ya umeme safi wa bei poa. Ndani ya kampuni wanajua hiyo kitu inaumiza watu, na wanaendelea tu kuuza. Anayepigana nao ni mtu wa karibu sana na Miles, ila njia aliyochagua inaweza kumaliza mtaa mzima. Siongezi hapo, nisije nikakuharibia. Jua tu kwamba adui mkubwa si zimwi la sayari nyingine. Ni rafiki ako na sababu ya kweli na hasira ya kweli.

Na usiseme hiyo ni ndoto ya Marekani. Huku kwetu Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi hapo, aligundua mtoto wake mwenyewe ana hiyo sumu kwa damu, akaanza kupigania mtaa. Mwaka wa 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na Julai 2020 mahakama ya Mombasa ikaagiza wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Miezi minne baadaye, gemu ya Miles ikatoka. Mtoi wa Kite anayeamka akicheki moshi na vumbi la viwanda upande wa Athi River hahitaji kuelezewa sana kwa nini Harlem wamekasirika.

Sasa, ni 13 ama 16?

Hapa ndipo wazazi huchanganyikiwa, na kusema ukweli wana haki. Marekani kuna bodi inaitwa ESRB, na hii gemu waliipa T, maana yake kuanzia miaka 13. Ulaya kuna PEGI, na wao gemu hiyo hiyo waliipiga 16. CD moja, ngumi zile zile, tofauti ya miaka mitatu. Na kwa maduka ya huku utapata kopi za pande zote mbili, kulingana na mzigo ulitoka wapi.

Nani anadanganya? Hakuna. Wanapima vitu tofauti. PEGI wakiona vurugu inakaa karibu na ya maisha halisi, yaani mtu wa kawaida anapigwa na anaonekana kuumia, wanaenda 16. ESRB wanaangalia pia hiyo vurugu imefika wapi: damu ni kidogo, hakuna kukatwa viungo, matusi ni machache. Kwa hivyo wanakubali wa 13 aingie.

Hapa Kenya, bodi ya filamu, KFCB, inatumia alama zake: GE ya kila mtu, PG ya mtoi kuwa na mkubwa kando, halafu 16 na 18. Ndiyo maana hata kwa matatu wanataka video za GE pekee. Lakini ile CD iko kwa base ya PS huwa imekuja na alama ya kwao, na mara nyingi kasha liko kwa droo. Anayecheza haoni alama yoyote. Anaona skrini tu.

Ndiyo maana mimi huwa natumia maswali matatu badala ya kusoma kasha. Unaweza kuyachukua.

Swali la kwanza: Mikono ya mtoi inafanya nini?

Usiangalie tu kama kuna ngumi. Angalia gemu inamlipa mchezaji kwa kufanya nini. Kwa GTA V, ambayo Ulaya iko 18 na Marekani 17, unaweza kugonga mtu na gari akitembea zake, uchukue pesa yake, uendelee na safari. Hiyo si ya mtoi wa 14, na hapo sibishani na mzazi yeyote.

Spider-Man haui. Na si maneno tu, wameijenga ndani ya mashine. Ukimpiga adui aanguke kutoka kwa gorofa, utando unatoka wenyewe unamgandisha ukutani. Huwezi kumpiga raia. Kazi ndogo zinakuja kwa programu ya simu ambayo rafiki wa Miles, Ganke, ametengeneza, watu wa mtaa wanatuma shida zao. Treni za Harlem zimekwama, nenda uzirudishe. Paka wa duka la jirani ameibwa, nenda umtafute. Kuna dem msanii wa kuchora ukutani ambaye ni kiziwi, na Miles anaongea naye kwa lugha ya ishara. Hakuna anayehubiri juu yake. Ni jirani tu.

Kuna uzito, nisikufiche. Kuna kifo cha mzazi, kuna kusalitiwa na mtu wa damu, na mwisho ni wa kulia. Kama mtoi amepoteza mtu hivi karibuni, kaa naye kwa hizo sehemu. Hilo sioni alama yoyote ikikuambia.

Na kama ataicheza ile ya 2018, kuna bonga moja ya ziada. Pale Spider-Man anatengeneza minara ya polisi ya kuchunguza mji mzima, na gemu haiulizi kama hiyo ni sawa. Kijana wa Kitengela aliyeona teargas ikiingia mtaani kwake wakati wa maandamano ya 2024 anaweza kuuliza. Usimzime. Hiyo ni swali bora kuliko nusu ya homework anayoletewa.

Na je, zile ngumi zinamfanya mtoi awe mkali? Watafiti wa Oxford walichapisha kazi yao 2019 baada ya kuuliza zaidi ya vijana 1,000 wa Uingereza, wa miaka 14 na 15, pamoja na wazazi wao. Hawakupata uhusiano kati ya kucheza gemu za vurugu na ukali wa kijana. Hiyo haimaanishi umpe kila kitu. Inamaanisha siz asiweke hofu yake yote kwa ngumi, akasahau pande zingine.

Swali la pili: Gemu inaomba nini kwa mfuko?

Miles Morales ukishainunua, imeisha. Hakuna kununua nguo za Spider-Man kwa pesa halisi, hakuna kucheza na watu usiowajua kwa intaneti, hakuna boksi la bahati unafungua ukiomba Mungu. Nguo zote unazipata kwa jasho la padi.

Sasa linganisha na gemu ambayo hakuna mzazi huuliza kuihusu: mpira. Zile za EA, kutoka FIFA hadi EA Sports FC 24, Ulaya ziliwekwa alama ya 3. Miaka mitatu! Hakuna damu, hakuna matusi, ni boli tu. Lakini ndani yake kuna pakiti za wachezaji unanunua na pesa halisi bila kujua utapata nani. Ubelgiji waliangalia hiyo mambo 2018 wakasema ni kamari, na mwanzo wa 2019 EA ikaacha kuuza hizo pointi huko. Kwa hivyo gemu ya alama ya 3 inaweza kumfunza mtoi tabia ambayo ile ya 16 haina kabisa.

Swali la tatu: Anachezea wapi, na saa ngapi?

Hapa sasa ndipo soo tatu zilienda.

Jumamosi niliingia hiyo base na mtoi wa siz. Sitaitaja, na kusema kweli ni kama nyingine nyingi: mabati, TV nne, viti vya plastiki, feni moja imechoka. Mechi ya boli ilikuwa mbao. Spider-Man ilikuwa kwa TV ya pembeni, inalipiwa kwa saa, na waliokuwa wakiicheza ni wasee wawili wakubwa wakipokezana padi. Watoi walikuwa wanatazama bure.

Tulipotoka nje nikamnunulia smokie, nikamuuliza polepole.

"Anko, Spider-Man sijawahi hata kucheza," akaniambia. "Ni noma kulipa saa nzima. Mi huwa nacheki tu."

"Na soo tatu?"

Akaangalia chini. "Tunaweka finje kila mtu. Anayeshinda anabeba. Nilianza nikishinda."

Alikuwa anacheza boli na wasee wa miaka 20 na kitu. Siku ya kwanza walimwachia ashinde mara mbili. Kufikia Jumatano hakuwa na ya lunch, na alikuwa na deni.

Wewe unajua hiyo mchezo. Pengine ushawahi kuwekewa. Sheria ya Kenya haikubali mtu wa chini ya miaka 18 kubet, lakini hakuna sticker ya kampuni ya kubet pale ukutani, hakuna namba ya paybill. Ni finje kwa meza na kelele. Na juu skrini inaonyesha boli, mama akipita anaona watoi wakifurahia soka. Akicheki Spider-Man anashtuka.

Na kuna kitu kingine kuhusu Kite. Huu ni mji wa wasee wanaolala huku na kufanya kazi kwingine. Siz huamka saa kumi na moja kamili, anapanda mat ya kwenda Industrial Area, na jioni kukiwa na jam barabara ya Mombasa anafika nyumbani saa mbili na nusu. Shule inaisha saa tisa, kumi. Hapo kati kuna masaa manne ama matano ambayo hakuna mkubwa nyumbani. Ukifika Kajiado town ama Isinya, maeneo ni tofauti, lakini hayo masaa ni yale yale. Base ya PS haikuja kuharibu watoto. Ilikuja juu kuna masaa hayana mwenyewe, na kuna feni na kampani.

Sisemi base zifungwe. Mimi nimekulia kwa base. Nilijifunza kushindwa pale bila kutupa padi, na mabeshte zangu wengine bado ni wa kutoka kwa hizo viti. Kuna wenye base wanaoweka sheria: hakuna uniform, hakuna kuweka pesa, saa kumi na mbili mtoi aende nyumbani. Mwenye base kama huyo anafanya kazi kubwa kuliko alama yoyote ya kwa kasha. Kama kwenu yupo, mjulishe mnamtambua.

Shujaa si lazima awe wa Harlem

Kuna msee atasema Miles ni wa huko, mtoi wetu anajifunza nini. Jibu lake liko Nairobi. Tangu 2010 kuna Shujaaz, katuni ya Sheng iliyokuwa ikitoka bure na gazeti na kwa maajenti wa M-Pesa. Mhusika mkuu ni DJ Boyie, kijana wa mtaa anayeendesha redio ya siri kutoka kwa chumba chake. Haruki gorofa. Anaongea, watu wanaskia. Shujaaz ilishinda tuzo ya International Emmy 2012, na wengi wenu mnaosoma hapa mliisoma mkiwa na hiyo miaka 14.

Miles anafanya kazi kwa sababu hiyo hiyo. Ni kijana anayepokea shida za jirani kwa simu na kujaribu. Ukimpa mtoi gemu kama hii, muulize akimaliza: programu ya Ganke ikiwa ya hapa Kite, ombi la kwanza lingekuwa gani? Wa siz alisema maji. Ya pili, akasema, ni taa ya barabara pale kwa daraja.

Hukumu yangu

Ubora: nane kwa kumi. Inapoteza mbili kwa kuwa fupi na kwa zile kazi za kurudia.

Umri: miaka 13 na 14, sawa, lakini mkubwa awe amecheki angalau mwanzo na mwisho. Kuanzia 15, mwachie. Chini ya 12, subiri; si juu ya damu, ni juu ya huzuni na ngumi za karibu sana na za kweli. Wenye watoi wa Grade 4 na 5, kuna gemu za LEGO za mashujaa hao hao wa Marvel, zinachekesha na watu wawili wanaweza kucheza kwa TV moja.

Muda: ukiona mtoi ameacha kulala, ameacha marafiki, ameacha shule, na anaendelea tu, hiyo si tabia mbaya ya wiki moja. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limeweka ugonjwa wa gemu kwa orodha yake rasmi, na huwa wanaangalia hali iliyokaa kama mwaka mzima. Wengi hawajafika hapo. Wengi wako tu na masaa matano bila mtu.

Siz alinisikiza hadi mwisho. Alikasirika upya, sasa kwa sababu sahihi. Deni tulilipa, finje kwa finje, mtoi akiwa amesimama hapo. Pesa ya lunch sasa inaenda moja kwa moja kwa mama wa chakula karibu na shule. Na Jumapili mchana, siz akiwa off, wanakodisha PS saa mbili, wanaileta kwa keja. Wiki iliyopita alinitumia voice note akilalamika kwamba amekwama kwa daraja, mtoi anamcheka, na yule jamaa wa kifaru hasimami.

Ni Rhino, nikamwambia. Anaonekana dakika za kwanza kabisa. Anaweza.